Tulidhani ni korona, kumbe baba alikuwa na mshtuko wa moyo

Barua

Ndugu Mshauri,

Salaam kutoka Mpwapwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo limeigawa familia yetu tangu mwaka 2021, na ambalo sasa naliona likielekea kumpata mtu mwingine wa karibu yangu.

Mwanzoni mwa mwaka huo, katika kipindi ambacho karibu kila msiba tuliohudhuria watu walinong'ona kwamba marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji, baba yetu alirudi kutoka shambani jioni akilalamika kwamba kifua kinambana. Alikuwa na umri wa miaka 61 na alikuwa mgonjwa wa presha aliyemeza dawa zake kwa kusuasua. Aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, ngumi ameikandamiza katikati ya kifua, na jasho lilimtoka mpaka ukosi wa shati ukalowa, ilhali kulikuwa na baridi baada ya mvua. Alisema ni gesi, tukampa maji ya tangawizi. Usiku pumzi zilipoanza kumwia nzito na akawa anakohoa, majirani walisema ni korona, tukamfukiza kwa nyungu ya mwarobaini na mchaichai chini ya blanketi zito.

Nilitaka tukodi gari usiku uleule. Mama alikataa. Alisema kwamba wanaopelekwa hospitalini siku hizo hawarudi, na kwamba wakifa huzikwa na watu wasiowajua waliovaa mavazi ya kujikinga, bila familia kumwosha marehemu wala kumuaga. Baba naye alisema asipelekwe. Kulipokucha alikuwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, tukampeleka hospitali ambayo sitaitaja. Kwa kuwa alikuwa akikohoa na oksijeni yake ilikuwa chini, alipelekwa moja kwa moja kwenye wodi ya washukiwa wa korona, nasi tukazuiwa getini. Kipimo cha ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, alifanyiwa siku iliyofuata, alasiri. Daktari aliyekisoma alitueleza kwamba baba alikuwa amepata mshtuko wa moyo na kwamba sehemu kubwa ya misuli ya moyo ilikwisha kuharibika. Alifariki alfajiri.

Tangu siku ile kaka yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa Dar es Salaam, anasema kwamba mama ndiye aliyemuua baba. Huyasema hayo hata mbele ya wajukuu, na mama siku hizi hajibu, anainuka tu na kuingia ndani. Naomba uniambie ukweli: je, ni mama aliyekosea, au ni hospitali, au ni ugonjwa wenyewe?

La pili linamhusu mjomba wangu, mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa, ambaye ana presha na kisukari na aliwahi kulazwa kwa maumivu ya kifua. Tangu aliposikia habari za Marburg kule Kagera mwanzoni mwa mwaka 2025, amekuwa akisema kwamba ukiingia ugonjwa mwingine wa mlipuko hatakanyaga hospitalini hata iweje, na kwamba yuko radhi afie kitandani kwake kuliko kufa kama shemeji yake. Nimwambie nini mzee huyu?

Mwalimu, Mpwapwa

Jibu

Ndugu yangu Mwalimu,

Pole sana kwa msiba wa baba, na pole pia kwa haya yaliyofuata baada ya msiba, maana naona yamekuumiza kwa muda mrefu zaidi. Nitaanza na mama yako, kwa sababu yeye yu hai na anaweza kusaidiwa leo.

Uamuzi alioufanya usiku ule ndio uliofanywa na maelfu ya watu duniani katika miezi ya kwanza ya korona, wakiwamo watu wenye hospitali kubwa mtaa wa pili na gari la wagonjwa linalofika mlangoni kwa kupigiwa simu. Nchini Uingereza, kufikia mwishoni mwa Machi 2020, idadi ya watu waliolazwa kwa dharura za mishipa ya moyo ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 40 ikilinganishwa na wastani wa mwaka 2019: kutoka wagonjwa wapatao 3,000 kwa wiki hadi wapatao 1,800. Nchini Marekani, katika vituo vikubwa tisa vilivyochunguzwa, idadi ya wagonjwa wenye mshtuko mkubwa wa moyo walioitiwa timu ya kuzibua mishipa kwa dharura ilishuka kwa asilimia 38. Hakuna daktari anayeweza kuamini kwamba mioyo ya watu hao ilipona ghafla ndani ya mwezi mmoja. Wengi waliumwa wakiwa majumbani, wakasubiri, wakaamini kwamba ni tumbo au uchovu, na sababu kubwa ilikuwa ileile ya mama yako: waliiogopa hospitali kuliko maumivu. Kule Hong Kong, katika kundi dogo la wagonjwa waliofuatiliwa na madaktari, muda wa kati tangu maumivu kuanza hadi mgonjwa kutafuta msaada ulikuwa dakika 82 na nusu katika mwaka uliotangulia, lakini ugonjwa ulipoingia ukafika dakika 318, yaani zaidi ya saa tano.

Mweleze kaka yako hayo kwa utulivu, na umkumbushe kwamba baba mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zake timamu, alisema asipelekwe. Mama alikuwa anamlinda mumewe dhidi ya kifo cha upweke na maziko ya watu baki. Kwa watu wetu hilo ni jambo zito, na anayelipuuza hajui uchungu wa kuzuiwa kumwosha mtu wake. Sitakuficha kwamba kuchelewa kwa usiku ule kulimgharimu baba, kwa kuwa kuchelewa humgharimu kila mgonjwa wa aina yake. Hata hivyo hakuna mtu anayeweza kusema kwa hakika kwamba angepona kama angefika mapema, na kumtwisha mjane mmoja hofu iliyokuwa imeishika dunia nzima ni dhuluma. Kaka yako hakuwapo usiku ule. Huenda naye ana uchungu wa kutokuwapo, na pengine ni busara mkubwa wa ukoo au kiongozi wenu wa dini akae naye faragha kabla hamjamkalisha pamoja na mama.

Sasa nije kwenye swali lako kuhusu ugonjwa wenyewe. Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaoulisha moyo damu unapozibwa, mara nyingi na bonge la damu linalojitengeneza juu ya mafuta yaliyopasuka ndani ya mshipa. Misuli iliyo mbele ya kizibo huanza kufa ndani ya muda mfupi, na huendelea kufa saa baada ya saa mpaka njia ifunguliwe. Njia hufunguliwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo na kuweka kibomba kidogo cha waya kinachouacha mshipa wazi, jambo linalotakiwa kufanyika ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa ubainike. Ya pili, kwa walio mbali na kituo cha namna hiyo, ni sindano ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo hufaa zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo na kwa kawaida haitolewi baada ya saa 12 kupita. Kwa mtu wa Mpwapwa, ambaye Dodoma mjini iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka kwake, saa hizo huisha upesi hata pasipo ugonjwa wowote wa mlipuko.

Ugonjwa wa mlipuko unapoingia, huziongeza dakika kila mahali. Mgonjwa anachelewa nyumbani. Dereva anasita kumpakia mtu anayekohoa. Getini kuna maswali na kupimwa joto. Wahudumu wanahitaji muda wa kuvaa vazi kinga, barakoa na miwani kabla ya kumgusa, na chumba cha kuzibulia mishipa kinahitaji kusafishwa upya kila baada ya mgonjwa anayeshukiwa. Wauguzi wengine wenyewe ni wagonjwa au wamehamishiwa wodi nyingine, na vitanda vya uangalizi maalumu pamoja na oksijeni vimekwisha kuchukuliwa. Nchini Italia, hospitali 54 zililinganisha wiki moja ya Machi 2020 na wiki kama hiyo ya mwaka 2019. Waliolazwa kwa mshtuko wa moyo walipungua kwa karibu nusu, lakini kati ya wale wenye mshipa uliozibwa kabisa, waliofariki walipanda kutoka asilimia 4.1 hadi asilimia 13.7.

Kuhusu hospitali iliyompokea baba yako, nadhani unastahili jibu la wazi. Moyo ulioumia ukishindwa kusukuma damu, maji hujaa kwenye mapafu, na mgonjwa hukohoa, hupumua kwa shida, hushindwa kulala chali, na kipimo cha kidoleni huonyesha oksijeni iko chini. Katika msimu wa korona, mhudumu aliyekwisha kupokea wagonjwa wengi wa namna hiyo tangu asubuhi humwona huyu kuwa mmoja wao, kwa hiyo naelewa ni kwa nini baba yako alipelekwa alikopelekwa. Kumtenga halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumtenga bila ECG. Utaratibu unaokubalika ni kwamba mtu mzima anayefika na maumivu ya kifua afanyiwe ECG ndani ya dakika kumi, na hakuna sababu ya kitabibu ya kuisubirisha kwa kuwa mgonjwa anashukiwa kuwa na virusi: mashine yake husukumwa kwa magurudumu au hubebwa mkononi, hupanguswa kwa dawa baada ya matumizi, na kazi yote huchukua dakika chache. Hata pasipo mlipuko, uchunguzi uliofanywa Moshi, kaskazini mwa nchi yetu, umeonyesha kwamba wagonjwa wengi wenye mshtuko wa moyo hufika idara ya dharura na kutibiwa kama wenye kichomi, vidonda vya tumbo au tatizo lingine, kwa sababu hakuna aliyeushuku moyo. Una haki ya kumwandikia mganga mfawidhi wa hospitali hiyo, hata baada ya miaka hii, ukaeleza kwa heshima tarehe na saa zilivyokwenda. Barua ya namna hiyo inaweza kumsaidia mgonjwa mwingine.

Inawezekana pia kwamba baba alikuwa na vyote viwili, na hapa ndipo wengi hawaelewi. Maambukizi makali ya njia ya hewa huuamsha mwili mzima, damu ikaganda kwa urahisi, mapigo yakaenda mbio, na mshipa uliokuwa mbovu tangu zamani ukaziba. Nchini Kanada, watafiti walibaini kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na mafua makali ya influenza, uwezekano wa kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa takriban mara sita ya kawaida yake. Huko Sweden nako, mwaka 2021, ilionekana kwamba hatari hupanda mara kadhaa katika wiki ya kwanza ya UVIKO-19. Kwa hiyo swali la majirani, kama ni korona au ni moyo, halikuwa na maana sana kwa aliyekuwa na maumivu yale. Yeye alitakiwa kutazamwa moyo kwa vyovyote vile.

Kuhusu nyungu, najua utataka kuuliza. Joto kali chini ya blanketi hupanua mishipa ya ngozi, hushusha presha na kuyakimbiza mapigo, na moyo unaokosa damu hauhitaji kazi ya ziada. Sisemi kwamba ndiyo iliyomuua baba. Nasema kwamba mtu mwenye maumivu ya kifua asifukizwe.

Tuje kwa mjomba. Usibishane naye kuhusu kufa, kwa kuwa mzee akishatamka kwamba yuko radhi, hoja za kijana humwongezea ukaidi. Muulize, tena kwa faragha, anachoogopa hasa. Nahisi atakujibu kwamba anaogopa kufa peke yake na kuzikwa na watu baki. Hapo mwambie hivi: "Mjomba, kukaa nyumbani hakukuhakikishii hilo, kwani mtu mwenye mshipa uliozibwa anaweza kuanguka saa yoyote, hata usiku akiwa peke yake chumbani." Hatari ya kuambukizwa hospitalini ipo, nami sitaikana, lakini inapunguzwa kwa barakoa inayobana vizuri, kunawa mikono, kukaa mbali na wengine kwenye benchi na kuchanjwa pale chanjo inapokuwapo, ilhali mshipa uliozibwa haupunguziwi hatari na chochote kilichomo chumbani kwake. Mfafanulie pia kwamba magonjwa hayafanani: Marburg huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa aliyeugua au aliyefariki, na haisambai hewani kama korona. Mtu anayekwenda kliniki ya moyo Dodoma hana sababu ya kuuacha moyo wake kwa sababu ya habari za Kagera.

Jambo ambalo ningependa alielewe kuliko yote ni kwamba yeye ana kisukari. Mwenye kisukari cha miaka mingi huweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali, kwa kuwa mishipa ya fahamu imekwisha kufifia. Kwake dalili inaweza kuwa jasho jingi la ghafla, kichefuchefu, kuishiwa pumzi akiwa ameketi, uzito kwenye taya au mkono wa kushoto, au uchovu asioweza kuueleza. Wake zetu na mama zetu nao huwa hivyo mara nyingi. Wanaoishi naye wafundishwe dalili hizo mapema, na wasimwache aseme ni gesi wakati jasho linamtoka bila sababu.

Dawa zake asiziache wakati wa mlipuko. Mwaka 2020 zilienea taarifa kwamba dawa za presha za jamii ya kaptopili, enalapili na losatani zinamfungulia mlango kirusi, na vyama vya madaktari wa moyo vikatoa tamko kwamba mgonjwa aendelee nazo, lakini wapo waliokwisha kuziacha. Kliniki zilipoahirishwa, wengine dawa ziliwaishia tu. Dalili za mlipuko mpya zikianza kusikika, amwombe daktari wake amwandikie za miezi miwili au mitatu, na azihifadhi mbali na jua.

Ikitokea siku kifua kinambana kwa zaidi ya dakika chache, aketi, asiende popote kwa miguu wala kwa bodaboda, maana anaweza kuzimia njiani. Kama hana mzio wa aspirini na hana vidonda vinavyotoka damu, atafune miligramu 300, ambazo ni kidonge kimoja kikubwa au vinne vidogo vya miligramu 75. Hilo la aspirini amuulize daktari wake sasa, kabla ya siku hiyo, na akikubaliwa anunue duka la dawa na kuziweka mahali ambapo mkewe anapajua. Kibaigwa iko kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, kwa hiyo usafiri si tatizo kama dereva ameandaliwa: mkubaliane na mwenye gari mmoja au wawili ambao watapokea simu usiku wa manane, na fedha ya mafuta itengwe isiguswe.

Wewe mwenyewe fanya kazi moja katika likizo hii. Piga simu au nenda kwenye hospitali zilizo karibu na mjomba, uulize ni ipi yenye ECG inayofanya kazi usiku pamoja na mtu wa kuisoma, na ipi yenye sindano ya kuyeyusha damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inayo huduma ya kuchunguza na kuzibua mishipa ya moyo, kwa hiyo uliza pia wanapokeaje mgonjwa wa dharura anayetoka wilayani, na kama mjomba ana bima, uliza inagharamia nini kati ya hayo. Mgonjwa asipitishwe kituo baada ya kituo kwa ajili ya kutafuta karatasi ya rufaa wakati kifua kinauma. Mkifika mapokezi, msianze na kikohozi wala homa hata kama anavyo. Neno la kwanza liwe: "Huyu ni mgonjwa wa moyo, ana maumivu ya kifua yaliyoanza saa fulani, tunaomba ECG sasa hivi." Kisha semeni na mengine yote bila kuficha, ikiwamo homa, ili wahudumu wajikinge.

Zaidi ya hayo, alipolazwa mara ile bila shaka alifanyiwa ECG. Iombe nakala yake, uipige picha ikiwa imenyooshwa kwenye mwanga mzuri, uihifadhi kwenye simu yako, ya mkewe na ya dereva. Daktari wa zamu anayeweza kuilinganisha ya zamani na ya leo huona upesi kilichobadilika, hata kama mgonjwa amelazwa kwenye wodi ambayo ninyi hamruhusiwi kuingia.